Kiini Kilipovuka Kamba

Nimeudhika msibani. Najua si vizuri kwa mtu mzima kama mimi, lakini nimeudhika na sitajifanya sikuudhika. Tulikuwa Nyegezi, nyumbani kwa marehemu Kokugonza, chini ya turubai lililofungwa ovyo hata jua likatupiga wazee wa safu ya mbele na kuwaacha vijana kivulini. Kokugonza mimi nilimwita Koku tangu tulipokuwa chuo cha ualimu, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Aliyeshika kipaza sauti ni Silvesta, ambaye pia tulisoma naye. Silvesta amestaafu uafisa elimu, lakini kipaza sauti hajakistaafu; ukimpa salamu fupi tu anakula muda wa mahubiri. Akasema, "Ndugu waombolezaji, marehemu alikuwa mnyenyekevu tangu ujana wake. Tulipoigiza ngonjera ya seli pale chuoni, yeye ndiye alikuwa kiini, yaani mwenyekiti wa kijiji. Lakini aliona haya kukaa juu ya wenzake. Akaacha kiti cha ukubwa, akashuka, akaketi na wananchi!" Watu wakaguna kwa huzuni, mmh, na akina mama wawili nyuma yangu wakafuta machozi.

Koku mnyenyekevu! Jamani. Koku alikuwa mkweli, alikuwa na huruma, na akiamua kuchekesha utajishika mbavu, lakini unyenyekevu aliuacha Bukoba siku alipopanda meli. Huyu ni mtu aliyewahi kumfuata paroko sakristia kumwambia kwamba nyangumi si samaki. Hadithi hiyo ya kushuka kwa wananchi imetembea tangu miaka ya Ujamaa. Nimeisikia kwenye mahafali, nimeisikia kwenye harusi ya binti yake, nimeisikia siku alipostaafu, na kila mara Koku alinifinya paja chini ya meza na kuninong'oneza, "Nyabwire, iko siku nitampiga mtu." Sasa ameondoka na hajampiga mtu. Basi acha niseme mimi yaliyotokea, tena kwa kirefu, maana msibani walinipa dakika tatu, na hizo tatu Silvesta alizikatiza.

Ulikuwa mwaka wetu wa mwisho chuoni. Chuo sitakitaja, waliokipita watakijua kwa mawe, kwa jinsi mabweni yalivyobanwa katikati ya majabali kama watu wanaogombea benchi. Ukuta wa nyuma wa chumba chetu ulikuwa jabali lenyewe, lina unyevu mwaka mzima, na sare zetu zilinuka ukungu hata zikipigwa pasi. Dirisha lilitazama ziwa. Upepo ukitoka upande wa Kirumba ulituletea harufu ya dagaa wanaoanikwa, na Koku, ambaye kwao ni ndizi asubuhi na ndizi jioni, alikuwa akifunga dirisha kwa hasira na kusema, "Mawe!" yaani mama wee kwa Kihaya, "Nyie watu wa Mara na Mwanza, hivi pua mliumbiwa za nini?" Mimi ni mtu wa pwani ya ziwa kule Musoma, dagaa ni kwetu. Nilikuwa nalifungua tena. Tuliishi hivyo, dirisha likifungwa na kufunguliwa, na nikikumbuka sasa naona hapakuwa na siku hata moja tuliyokubaliana jambo kabla ya saa nne.

Na miaka ile, mtu asikudanganye, kila kitu kilikuwa kijiji. Hesabu zilikuwa za magunia ya pamba ya kijiji. Nyimbo zilikuwa za jembe la kijiji. Mimi Ujamaa niliupenda na mpaka leo nikisikia watoto wanaucheka nawashusha, lakini kitu ukikipenda si lazima ukitie kwenye kila sufuria. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Lubasha, mtu mwembamba mwenye suruali iliyofungwa mkanda juu kabisa karibu na kifua, alikuwa ameshahamishwa vyuo viwili kwa kosa la kufundisha sayansi bila siasa. Hakuwa mpinzani, maskini. Alikuwa anasahau tu. Alikuwa akianza habari za figo anasahau dunia. Sasa pale kwetu Katibu wa chama wa chuo alikuwa anaingia darasani kwake bila hodi, anakaa nyuma, anatikisa mguu. Mwalimu Lubasha akiuona ule mguu ukitikisika alikuwa anakatiza figo katikati na kusema, "Na hivyo ndivyo ilivyo katika kijiji."

Tulikuwa na hadubini moja. Ilikaa kabatini kwake, imeviringishwa kanga kuukuu ya mkewe, na ilipotolewa tulitazama kitunguu. Mwaka wa kwanza kitunguu, mwaka wa pili kitunguu. Ngozi laini ya kitunguu, tone la aidini, kioo juu, haya pangeni mstari. Tuliona vyumba vyumba vyenye kuta, na kila chumba kina doa la kahawia ndani, ndicho kiini. Kwa hiyo Mwalimu alipotangaza kwamba atakuja mgeni rasmi kutoka mkoani, na kwamba darasa letu litaonyesha ngonjera iitwayo Kijiji cha Seli ya Binadamu, aliitunga seli ya binadamu kwa mfano wa kile kitunguu chetu. Aliweka vijana sita wenye marungu kuzunguka jukwaa, eti hao ni ukuta. Mimi mwenyewe nilipangwa ukutani kwa sababu ya mabega yangu.

Koku ndiye aliyeanza. Alichukua njiti ya kiberiti, akakwangua shavu lake kwa ndani mbele ya darasa zima, akapaka ule ute kwenye kioo, akatia aidini. "Mwalimu, hii si seli ya binadamu? Ukuta uko wapi?" Mwalimu Lubasha akainama kwenye hadubini. Nilimwona shingo inavyolegea kwa raha, amesahau mguu wa Katibu na kila kitu. "Kweli," akasema polepole. "Kweli kabisa. Ukuta ni wa mimea. Sisi tuna utando tu." Vijana sita wakafutwa kazi na marungu yao, na tukapewa kamba ya katani, wasichana wanne tukiishika kwa duara. Huo ndio utando. Nikaelezwa kazi yangu: utando si boma, utando unachagua, chakula kiingie, uchafu utoke, na kisichotakiwa kibaki nje. Katibu alinung'unika, "Kijiji gani hakina ulinzi?" lakini kamba ilikuwa nzuri machoni, ikapita.

Wengine walipangwa hivi. Silvesta na kijana mwingine mwenye kifua walikuwa mitokondria, wanaounguza chakula ili seli ipate nguvu. Wao walitwanga vinu vitupu na kuguna. Ribosomu walikuwa wasichana wafupi wa mstari wa mbele, wanaounga protini. Walishona shanga kwenye uzi. Laisosomu, wanaomeng'enya takataka, walipewa mafagio. Kulikuwa na mmoja mwenye kikapu, anayefunga mizigo na kuipeleka mpakani, akaitwa duka la ushirika. Na walikuwapo wabeba hewa, wakizunguka na vikombe vya bati. Koku, kwa sauti yake ile ya kupasua mawe, akapewa kiini. Aliwekwa juu ya kreti la soda, na ubeti wake ulikuwa huu, naukumbuka kama jina langu:

Mimi kiini naketi, katikati ya kijiji,
Neno langu halisiti, lafika kwa kila mji,
Nikitoka ni mauti, hammezi hata uji.

Ule mstari wa mwisho ndio uliotutia wazimu mwaka mzima. Mwanzoni tuliucheka tu. Uji wa chuo ulikuwa na vidudu, na mtu akisema hammezi hata uji bwenini watu walikuwa wanajibu, "Bora!"

Kisha akaja Anna. Anna alikuwa mdogo wake Koku, mtoto wa darasa la nne, mwembamba, macho ya manjano, aliyeletwa kwa meli kutoka Bukoba mpaka hospitali kubwa ya kilimani kwa sababu ya maumivu ya mifupa yaliyokuwa yanamjia na kumwacha na kumjia tena. Kwao walishasema mengi. Walisema ni mama amekosea mzimu. Walisema ni jirani. Koku alikuwa anapanda kule kila Jumamosi na Jumapili, na siku moja daktari mmoja mtawa, aliyechoka kuulizwa maswali na mtu asiyekubali jibu fupi, akamvuta mkono mpaka maabara akamwambia, "Haya, tazama mwenyewe." Akamwonyesha damu ya Anna.

Alirudi wakati wa chakula cha mchana. Hakusalimia mtu. Alikaa mbele yangu, akamega ugali, akafinyanga tonge, akalibonyeza katikati kwa dole gumba kama tunavyofanya sote ili tuchote mchuzi, kisha badala ya kuchota akaliinua mbele ya pua yangu. "Nyabwire, hii ndiyo seli nyekundu ya damu. Yako, yangu, ya kila mtu. Mviringo, imebonyea katikati. Unajua kwa nini imebonyea?" Nikamwambia nina njaa. "Imebonyea kwa sababu hakuna kiini! Imekitoa! Inakuwa nacho ikiwa bado changa ndani ya mfupa, halafu kabla ya kuingia kwenye damu inakitoa nje, ipate nafasi ya kubeba hewa. Na mitokondria inazitoa pia." Nikamwuliza, "Sasa ndiyo inakufa?" Akanitazama kwa huruma ile ya Wahaya, ile ambayo huku tunawatania kwa neno lao wenyewe, nshomile, yaani nimesoma. "Haifi, wewe. Inabeba hewa miezi karibu minne ndipo inachoka. Mimi nilifikiri hilo ndilo gonjwa la Anna, nikamwambia mtawa, kumbe mdogo wangu hana viini ndiyo maana anaumwa. Akacheka. Akasema hata Papa hana." Kisha akalikunja lile tonge likawa kama mundu, na uso ukabadilika. "Za Anna zinafanya hivi. Ile rangi nyekundu inayobeba hewa inakakamaa ndani yake, seli inapinda, zinakwama kwenye mishipa, ndiyo maumivu. Amezaliwa nao. Nusu kwa baba, nusu kwa mama. Hakuna mzimu." Alilia pale pale mezani, machozi yakidondoka kwenye maharage, na watu wote wa meza wakajifanya wanatafuta chumvi.

Anna alipopata nafuu akaruhusiwa, na wakati wa kungojea meli ya Bukoba matroni akakubali alale chumbani kwetu. Alilala na Koku kitanda cha juu. Alikuwa mtoto wa maswali, dada yake mtupu. Mchana sisi tukifanya mazoezi ya ngonjera chini ya dirisha, yeye alikuwa anatutazama kutoka juu, kidevu kwenye mikono. Koku alishamweleza kila kitu, tonge na kila kitu, maana alikuwa hawezi kumficha mtoto jambo. Jioni moja tunakunywa chai, Anna akauweka mkate chini akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, kwa hiyo mimi nitakufa lini?"

Koku akamwuliza nani kasema.

"Wewe. Umesema kwenye shairi. Kiini kikitoka ni mauti, hammezi hata uji. Na uliniambia seli zangu za damu hazina kiini. Na hospitali nilishindwa kumeza uji."

Sijui kama umewahi kukaa chumbani na swali la namna hiyo. Mimi nilitoka nje. Nilisimama kwenye jabali nikitazama ziwa na kulaani kila aliyegundua vina.

Asubuhi tulikwenda kwa Mwalimu Lubasha pamoja. Shikamoo Mwalimu, marahaba, kaeni. Koku akamweleza yote, seli nyekundu, Anna, uji, akamwomba abadilishe mstari mmoja tu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, na alipofika kwenye habari ya seli kutoa kiini chake macho yalimng'aa, akasogeza kiti. "Alikuonyesha? Uliona mwenyewe? Pembeni ni nyekundu zaidi kuliko katikati?" Kwa muda kidogo alikuwa mwalimu. Kisha akakumbuka alipo. "Ng'wanawane," akasema, mwanangu, "ngonjera imeshasomwa na Katibu. Imepigwa muhuri. Unataka niende kumwambia kwamba kuna kijiji kinachoendelea vizuri bila mwenyekiti?"

"Si kijiji, Mwalimu. Ni damu."

"Kwangu ni damu. Kwake ni kijiji."

"Basi mpe mtu mwingine kiini. Mimi mbele ya Anna siutamki."

Hapo ndipo alipoudhika, na alipoudhika aliogopesha kwa sababu hakuwa amezoea. Akasema ukimtoa kiini siku mbili kabla ya mgeni, Katibu atauliza kwa nini, na jibu litakuwa kwamba mwanafunzi Kokugonza amekataa kumsifu kiongozi mbele ya mgeni rasmi. Akasema cheti kinatiwa sahihi na watu watatu na mmoja wao ni Katibu. "Watakurudisha Bukoba mikono mitupu. Na mimi watanipeleka pasipo na hata kitunguu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, binti yangu." Koku akasema, "Njia ya mwongo fupi, Mwalimu," akanyanyuka bila ruhusa. Nilibaki pale kwenye benchi katikati yao, nikitamani kuwagonganisha vichwa. Njia nzima nilimsema. Nilimwambia utamke tu mstari huo, mtoto utamweleza baadaye, chukua cheti, ufundishe ukweli miaka thelathini. Akasema, "Na Anna nimwelezeje? Kwamba dada yako alidanganya kidogo kwa ajili ya karatasi?" Nikamwambia ana kichwa kigumu kuliko haya majabali. Hatukusemeshana mpaka siku ya mgeni.

Mgeni rasmi alikuja amechelewa, kama kawaida yao, mtu mnene mchangamfu mwenye suti ya mikono mifupi. Tulikuwa tumesimama juani na kamba yetu tangu chai ya saa nne. Anna alikuwa mbele kabisa, kwenye mkeka pamoja na akina mama wa jikoni, amevaa sweta langu. Meli yake ilikuwa jioni ile. Katibu alikaa kulia kwa mgeni, mguu unatikisika. Mwalimu Lubasha alisimama pembeni akishika karatasi ambayo haikuwa na maana, kwani ngonjera nzima aliijua kwa moyo.

Tukaanza. Mitokondria wakatwanga, ribosomu wakashona, mafagio yakafagia. Silvesta aliguna kupita kiasi, mpaka mgeni akacheka. Ikafika zamu ya kiini. Koku akasimama juu ya kreti, akatoa mstari wa kwanza, sauti ikagonga mawe na kurudi. Akatoa wa pili. Akavuta pumzi ya wa tatu akamtazama Anna. Mtoto alikuwa amejishika magoti, anangoja, kama mtu anayengoja sindano. Na Koku akanyamaza. Mguu wa Katibu ukaacha kutikisika. Kisha Koku akashuka kwenye kreti, akapita katikati ya ribosomu, akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Nyabwire," akasema kwa sauti ndogo, "inua kamba."

"Koku, rudi," nikamwambia bila kufungua meno. "Rudi juu, mwenzangu. Tafadhali."

"Inua kamba nipite."

Nitawaambieni kitu. Nilimkasirikia saa ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, maana alikuwa ameniwekea mkononi maisha yake, yangu na ya Mwalimu, yote juu ya kipande cha katani. Nikamwona Anna nyuma yake. Nikasema potelea mbali, nikainua kamba. Koku akainama, akavuka, akaenda kuketi kwenye mkeka, akamkumbatia mdogo wake. Na sisi tukabaki pale, seli haina kiini, tumeganda kama vinyago. Silvesta mchi umebaki hewani. Wale wa vikombe wanatazamana. Anna macho yanatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, anaangalia ni nani ataanza kuanguka. Ndipo nilipopiga kelele, sijui sauti niliitoa wapi, "Mmesimama nini? Bebeni hewa!" Wakashtuka, wakaanza kuzunguka na vikombe vyao, kwanza kwa kusitasita, halafu haraka, na sisi wa kamba tukaanza kwenda mduara pamoja nao, tukizunguka uwanja mzima, vikombe vinagongana. Nikamwona Anna anacheka. Alikuwa na pengo mbele. Alipiga makofi, na Koku alikuwa anamwonyesha kwa kidole, naona mdomo wake unasema, umeona? Umeona? Zinakwenda tu.

Basi. Ingeishia pale, hata wakitufukuza, ningekuwa na kumbukumbu safi. Lakini mgeni rasmi akasimama. Alikuwa amelengwalengwa na machozi, Mungu ni shahidi wangu. Akapiga makofi peke yake, kisha akasema, "Ndugu zangu! Nimeona ngonjera nyingi katika mkoa huu, lakini hii! Kiongozi anaacha kiti chake! Anashuka! Anakwenda kuketi mkekani na mama wa jikoni na mtoto wa mkulima! Na kijiji, kwa kuona mfano wake, kinafanya kazi mara dufu! Nani ametunga?" Katibu akasimama haraka akasema imetungwa chini ya uongozi wa tawi. Mwalimu Lubasha akafungua mdomo, akaufunga. Akapewa mkono. Kabla ya mwaka kwisha akapandishwa cheo, na ngonjera ikapelekwa vyuo vingine, kiini kikishuka kwenye kreti kwa maelekezo.

Koku alikuwa na hasira ambayo sijaiona tena. Tulipomsindikiza Anna bandarini hakuacha kusema. "Nilikuwa tayari kufukuzwa, Nyabwire! Nilikuwa tayari! Nimesema jambo moja la kweli mbele ya watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyelisikia!" Nikamwambia amshukuru Mungu kwa ujinga wa watu, cheti kimepona. Ilikuwa tuanze kugombana tena hapo hapo, na Anna, kifurushi kichwani, akasema, "Mimi nilisikia." Akapanda meli. Alifariki kabla ya mahafali yetu, kule nyumbani, kwenye maumivu mengine. Barua iliyofika ilisema alikuwa amewafundisha watoto wa jirani mchezo wa kuzunguka na vikombe. Koku aliisoma akiwa kitanda cha juu, na mimi nilikaa cha chini, na dirisha siku hiyo hakuna aliyeligusa.

Ndiyo hayo. Kwa hiyo msibani niliposhika kipaza sauti nilisema, kwa ufupi kadiri nilivyoweza, kwamba marehemu hakushuka kwa unyenyekevu wowote, alishuka kwa sababu seli nyekundu ya damu ya binadamu haina kiini na inafanya kazi, na mdogo wake alikuwa anaogopa kufa. Nilikuwa nafika kwa Anna ndipo Silvesta akanipokonya, "Asante sana Mwalimu kwa somo zuri, na hakika tumejifunza unyenyekevu wa marehemu." Wakapiga makofi! Mungu wangu. Nikarudi kukaa juani.

Wakati wa chakula nilikuwa sina hamu hata ya kumtazama mtu. Akaja mpwa wa Koku, Asimwe, ameshika mkono wa mtoto wa kike. Alinipigia shikamoo, akapiga goti kando ya mkeka. "Bibi, ile seli uliyoisema. Huyu wangu ana sikoseli. Anakwenda kliniki, dawa anapata, lakini upande wa mume wangu wanasema ni mimi nimeileta. Na huyu mwenyewe amesikia habari zako, tangu hapo hali chakula."

Nikamtazama mtoto. Macho ya manjano kidogo. Sahani imejaa mbele yake, ugali na sato wa mchuzi, vyote havijaguswa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, kama hazina kiini, si zinakufa?"

"Mama yako atanisikiliza baada yako, na baba yako atanisikiliza kesho, nitamwendea mwenyewe, maana nusu ni yake," nikasema. "Sogea hapa." Nikamega ugali kwenye sahani yangu, nikafinyanga tonge, nikalibonyeza katikati kwa dole gumba, nikaliinua tukalitazama sote wawili. Nikamweleza yote. Nilimweleza na kupinda, sikumficha. Nikamweleza kuhusu mtoto mwenye pengo na wale waliozunguka na vikombe, na kwamba aliyeshuka kwenye kreti ni bibi yake tuliyemzika leo.

"Kwa hiyo zinabeba tu?" akauliza.

"Zinabeba tu."

Akafikiri. Akamega ugali wake, akalifinyanga tonge dogo la kwake, akalibonyeza kwa dole gumba, akaligeuza akilikagua pande zote kama mtu anayekagua kazi ya mwingine. Kisha akachota mchuzi, akameza.